Kanzu ya Joyline Bado Haina Pindo

Asubuhi, matrekta yaliyosheheni miwa yanapita Awendo yakidondosha vipande barabarani, na cherehani ya Joyline Akoth inanguruma. Kwenye kamba juu ya kichwa chake zinaning'inia kanzu nyeupe zenye misalaba myekundu kifuani. Mara anasimamisha mashine, anaweka vidole viwili shingoni, anasikiliza. Kisha anaendelea kushona.

"Fundi, moyo umeamkaje leo?" anauliza Suleman, muuza vitambaa wa duka la pili, akimletea jora jipya.

"Umeamka kabla yangu."

"Basi si ungeuambia ukuchemshie chai!"

Joyline anacheka, lakini kidogo. Akicheka sana, moyo hudhani umeitwa.

Ana miaka ishirini na minne. Mapigo ya moyo wake hayana mpangilio: hutulia kama ya watu, kisha ghafla hukimbia bila sababu, pumzi ikakatika na macho yakaingia giza. "Ni kama kuku aliyeona mwewe," anasema.

Tangu utotoni alipiga ngoma katika kanisa lao la wavaa kanzu, kijijini nje ya mji. Humo, ngoma zikikolea na mwamini akaanza kutetemeka, watu hujua Roho ameshuka. Akianguka, akina mama humfunika leso, na wimbo hauachwi hadi ainuke mwenyewe.

Kwa hiyo moyo ulipoanza kumkimbia akiwa na ngoma begani, hakuna aliyewaza ugonjwa. Walimshukuru Mungu. Wengine walitoka hadi Migori mjini kuja kuombewa naye.

"Hata mimi niliamini," anasema. "Ningekosaje? Nilikuwa nikizinduka najihisi nimeoshwa."

Mwaka jana, katikati ya ibada, alianguka na hakuinuka. Mama yake, Priscah, alikuwa miongoni mwa waliomfunika.

"Tuliimba," Priscah anasema, mikono imekunjwa mapajani. "Nilimpigia makofi mtoto wangu akiisha hapo chini. Mungu anajua sikujua."

Aliyekata wimbo ni Maranga, kiongozi wa wapiga ngoma, alipoinua leso na kuona midomo imegeuka rangi ya majivu. "Nyamazisheni ngoma!" alipaza sauti. "Huyu anataka gari, hataki wimbo."

Hospitalini Homa Bay walimbandika nyaya kifuani, mashine ikauchora moyo wake kwenye karatasi. Daktari alimwandikia vidonge vya kila siku, akamkataza mambo mawili: kazi nzito na ngoma.

La kwanza amelizoea. Cherehani ya kukanyaga ilimchosha, akaifungia mota. Kanzu moja humwachia kama shilingi mia nne, na nyingi huishia kwenye dawa na nauli.

La pili halijapata dawa.

Kanisani sasa huketi nyuma, karibu na mlango, mikono juu ya magoti. Ngoma zikianza, vidole hupiga vyenyewe. Wapo waumini wanaonong'ona kwamba vidonge vimemfukuza Roho. Maranga huwakemea: "Aliyemtuma Roho ndiye aliyemtuma daktari. Mnataka tumzike ndiyo mjue?"

Hata hivyo, mnong'ono huo Joyline hurudi nao nyumbani.

"Zamani nilikuwa na hakika," anasema polepole, akinyoosha kitambaa kisicho na kunyanzi. "Sasa nikiomba na kifua kishtuke, sijui nimeguswa ama naumwa. Hakika ile ndiyo naitamani, kuliko hata ngoma yenyewe."

Alhamisi atarudi Homa Bay. Anakwenda kuomba ruhusa ndogo tu: kutembea nyuma ya ngoma katika maandamano ya kanisa ya mwisho wa mwaka. Kanzu zote zilizo kambani ni za maandamano hayo. Ile ya mwisho, iliyojificha ukutani, ni yake. Ameikata kwa vipimo vyake na kuishona vizuri, ila pindo amelipiga bandi tu, kwa uzi mlegevu unaovutwa ukatoka.

"Kwa nini hukumaliza?" Suleman anamuuliza, akilishika pindo. "Nikupe uzi?"

"Uzi ninao, ndugu yangu. Ninangoja Alhamisi."

Daktari akikataa, ataishusha ampe mwingine wa kimo chake. Akikubali, ataketi siku hiyohiyo alishone pindo.

"Ngoma sitaibeba," anasema. "Itangulie tu, nami nifuate, moyo ukienda pole kama wa watu. Na hapo nikitetemeka, nitajua ni Yeye."