Swichi ya Bi Kijakazi

Hasira yangu juu ya jambo hili haijaisha, na sina haraka ya kuimaliza. Wanaomsema Abbasi hapa Msimbazi hawajui kilichotokea, na waliokuwa wakimsifu ndio waliomponza.

Abbasi ni fundi wa muziki wa pikipiki. Meza yake imegusana na yangu. Mimi nauza nyaya na fyuzi, yeye anazifunga. Ni mfupi, mwenye ulimi mkali, na mtoto pekee wa Bi Kijakazi wa Magomeni. Miaka tisa iliyopita, siku ya kisomo cha marehemu baba yake, bodaboda mmoja alipita uchochoroni muziki wa singeli ukiwa juu mpaka mwisho. Bi Kijakazi alimwita mwanawe akamwambia, "Hiyo ndiyo kazi yako? Haya, yafunge makelele yako, lakini niahidi utafunga na pa kuyazimia."

Abbasi akaahidi. Toka hapo hakuna pikipiki iliyotoka mikononi mwake bila swichi ndogo nyekundu kwenye usukani, usawa wa kidole gumba cha kushoto. Ukisikia adhana, ukikuta turubai la msiba, unabonyeza na muziki wote unakatika. Tuliiita swichi ya Bi Kijakazi. Mteja akinung'unika, Abbasi alimjibu, "Hutaki? Mafundi wamejaa, nenda."

Mpaka alipokuja Ridhiwani, kijana mwenye duka la mapazia Mchafukoge. Alikuwa na pikipiki kubwa ya safari, ya kiti kipana na sanduku nyuma, anayokwenda nayo Iringa na wenzake. Alisema spika zilizokuja nayo zikifika barabara kuu zinamezwa na upepo.

"Shikamoo fundi. Nimeambiwa wewe ndiye baba lao Bongo nzima. Nataka kitu kisikike."

"Marahaba. Kitasikika. Na swichi yake itakaa hapa."

"Aa, fundi, usiniharibie chombo! Usukani msafi hivi unaubandika kidude? Siku hizi rimoti ni simu tu."

Wiki nzima alimvika kilemba cha ukoka. Fundi huna mpinzani, fundi kazi yako nitaitembeza mikoani. Nami, mpumbavu mkubwa, nikadakia, "Mpe anachotaka, Abbasi, pikipiki si yake?" Abbasi akaikubali kazi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Alifunga spika nne zisizoogopa mvua, akazielekeza kifuani kwa dereva ili upepo usizipokonye sauti. Amplifaya aliiweka chini ya kiti na waya wake akautoa moja kwa moja kwenye betri, maana Ridhiwani alitaka wakisimama njiani kula, injini imezimwa, muziki uendelee. Ubavuni akabandika stika yenye jina lake na namba ya simu. Muziki ulipowashwa, watu walitoka madukani. Abbasi alichekelea mpaka nikamwonea haya.

Mwezi haukuisha, Bi Kijakazi akafariki.

Ridhiwani alipopata habari alifunga duka aje kuzika. Alikuja kwa wema, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Alivaa kanzu, simu akaifungia kwenye sanduku la nyuma, akaja na singeli yake kama kawaida, akijua atasimama pembeni aizime kabla hajafika. Aliambiwa tunatoka saa kumi. Ilipofika saa tisa na nusu sisi tulishaanza kutoka.

Tulikuwa kizingitini. Abbasi ameshika mbele ya jeneza, upande wa kulia, nafasi yake. Shehe akasema, "Bismillahi, inueni." Singeli ikaingia uchochoroni. Abbasi aliinua kichwa kabla yetu sote, maana spika zile anazijua.

"Zima wewe! Huna adabu?" waombolezaji walimpigia kelele.

Ridhiwani alizima injini, muziki ukaendelea. Akachomoa ufunguo, ukaendelea. Akakimbilia sanduku lenye simu, ufunguo ukamponyoka ukadondokea mtaroni. Wanawake ndani waliacha kulia wakabaki kushangaa. Ningeweza kumpiga mtu siku ile.

"Fundi gani mwendawazimu kamfungia huyu?" mzee mmoja alifoka. Stika ilikuwa pale, inasomeka.

Pale uchochoroni, aliyejua fyuzi ya muziki ule ilipo alikuwa mmoja tu.

"Adamu, shika," Abbasi aliniambia.

Nilishika. Alienda, akang'oa kiti kwa nguvu, akachomoa fyuzi, pakawa kimya. Lakini jeneza likishainuliwa halisubiri mtu. Tulishavuka mlango, tulishapita turubai, na watu wanabadilishana mabega mbio mbio. Alitukuta karibu na barabara ya lami, fyuzi bado imo kiganjani.

Siku ya nne Ridhiwani alikuja Msimbazi anaisukuma pikipiki, hakuthubutu kuiwasha.

"Shikamoo fundi. Nisamehe sana."

Abbasi aliinuka. Alichukua swichi nyekundu mezani kwangu, akaifunga kwenye usukani, akarudisha fyuzi. Muziki ukalipuka, watu wakageuka.

"Zima," akasema. Ridhiwani akabonyeza.

"Washa. Zima. Washa. Zima!"

Walirudia mpaka wapita njia wakakusanyika na kijana wa watu akaanza kulia. Nikamshika Abbasi mkono, nikamwambia inatosha, amekoma.

"Huyu simdai kitu," Abbasi alisema, macho mekundu. "Huyu hakumwahidi mtu. Mama yangu alizaa mtoto mmoja, Adamu. Na mlangoni katolewa na muuza nyaya."