Mpelelezi wa TV alivyonifanya muuaji wa baba mkwe wangu

Wakuu, habari za huko mliko. Nimekuwa msomaji tu hapa kwa miaka, nacheka na vituko vyenu kisha naondoka kimya. Leo naandika nikiwa na hasira, na yote ni kweli tupu. Anayebisha aje dukani kwangu tubishane.

Nina agrovet mjini Thika. Nauza mbegu, chakula cha kuku na dawa za kupulizia mimea. Naishi Gitothua, kule Ruiru, na mume wangu na watoto wawili. Wakwe zangu wako Ngoliba.

Baba mkwe, tuliyemwita Guka, alifariki mwaka jana. Alikuja kwetu Jumapili moja, akala chakula cha mchana, akarudi kwake. Jumanne presha ikampanda, akafia hospitalini. Daktari alisema ni presha, na sote tulijua mzee alikuwa ameacha tembe zake akidai zinamlegeza. Tukalia, tukazika. Postmortem, ule uchunguzi wa maiti, hakuna aliyeitaja.

Shikeni hapo.

Wiki chache zilizopita mama mkwe, ambaye tunamwita Cucu, alikuja kukaa kwetu kwa sababu ya clinic ya goti. Jumatano, baada ya habari za saa moja, tukakaa kutazama ile series ya mpelelezi. Jina silitaji. Ni ile ambayo inspekta anavaa koti refu hata jua likiwaka, na mvua haijanyesha tangu episode ya kwanza.

Siku hiyo mzee tajiri anakufa. Muuaji ni nani? Mke wa mwanawe. Anafanya kazi gani? Ana agrovet. Amemtilia mzee dawa ya kupulizia nyanya kwenye uji.

Nikaanza kuchemka, ingawa hapo ilikuwa hasira ya kikazi tu. Wakuu, mimi nauza hizo dawa. Zinanuka! Katoni ikiwa imefungwa bado kichwa kinaniuma. Binti yangu hakubali nimkumbatie kabla sijavua dustcoat ya kazi. Halafu mzee anapewa kikombe kizima, anakunywa mpaka tone la mwisho, anasema asante, ndio anaanguka? Guka wetu alikuwa anajua maziwa ya jana kwa kunusa sufuria! Aliyeandika hiyo takataka hajawahi kukanyaga agrovet.

Na nilisema yote hayo kwa sauti, nikigombana na TV.

"Cucu, hawa wanatudanganya. Hii dawa haiwezi fichika kwa uji!"

Cucu akanigeukia.

"Kumbe wewe unajua ile inaweza fichika na ile haiwezi," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Asubuhi nikampa chai, akasema hana hamu. Baadaye namkuta mlangoni anakunywa maziwa ya pakiti. Alikuwa ametembea mpaka kiosk kuyanunua, na goti lile bovu. Mchana akamwambia mwanawe ampeleke Ngoliba. Clinic yenyewe akaiacha.

Mlioolewa kwetu mnaelewa. Kukataa chakula cha mtu ukiwa mzima ni tusi, na likitoka kwa mama mkwe majirani wote watalisikia.

Ijumaa wifi yangu akaandika kwenye group ya familia: "Kwani Guka alifanyiwa postmortem?"

Wote wakasoma. Mume wangu pia alisoma, akaweka simu mezani, akaniuliza kama nimenunua token za stima.

Nikamwambia, "Jibu hiyo message."

"Wachana nao. Watachoka."

Nikaenda kununua token, na mpaka leo najilaumu.

Jumapili nikasema twende Ngoliba, kwa maana maneno ya mgongoni siyawezi. Nikapika mwenyewe jikoni kwa Cucu, mukimo wa viazi na kuku, kila mtu akiona ninachotia. Nikapakua.

Cucu akasema, "Mimi leo nimefunga. Naombea hii familia."

Wifi naye ghafla tumbo linamsumbua.

Nikaweka mwiko chini. "Cucu, sema tu mbele ya watu. Unafikiria ni mimi niliua Guka?"

"Ngai! Mimi sijasema hivyo. Ni TV ilionyesha hiyo maneno."

TV! Miaka kumi na moja mimi ni mke wa boma hilo. Huyo mama alipovunjika mkono nilimwogesha mimi. Mzee mwenyewe alipenda kula kwangu kuliko kwa binti zake. Yote yakafutwa na muigizaji mwenye koti, tena kwa muda usiofika saa moja, matangazo yakiwemo.

Nikamgeukia mume wangu ili amalize hayo maneno kama mwenye mke.

Sahani yake ilikuwa mkononi, imejaa, kuku bado anatoa mvuke. Alikuwa ameshika kijiko, ananitazama.

"Wewe huli?" akaniuliza.

Tangu tuoane hajawahi kuniuliza hivyo. Huwa anaanza kula kabla sijaketi.

Nikamnyang'anya sahani. Nikala pale pale nimesimama, mukimo wote, kuku mpaka mfupa. Kisha nikachukua watoto wangu, tukarudi Ruiru.

Mume wangu ameniomba msamaha, tena mara nyingi. Wifi alifuta message yake. Cucu alipiga simu akasema ni shetani. Shetani hana TV, lakini sawa.

Nilichojifunza ni kwamba uongo wa aina hii unajibiwa siku ile ile, na anayepaswa kuujibu ni yule mnayelala naye kitanda kimoja. Na nyinyi mnaoandika hizo drama, siku mkikosa muuaji, njooni kwanza mnuse hizo dawa. Mnatuharibia nyumba.

Nipeni maoni yenu, hasa nyinyi wanaume, na msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwangu amani imerudi. Tunakula meza moja, tunaongea, tunacheka na watoto.

Lakini mume wangu bado ananingoja nimeze kwanza.