Mashavu ya Mama Zawadi

Admin, ficha jina langu vizuri, maana hapa Kavimvira, Uvira, watu wanatambuana hata kwa kikohozi.

Ninawatangazia wafuasi wote wa ukurasa huu, kwa heshima na taadhima, kwamba siku ya Mungu iliyopita mashavu ya Mama Zawadi yaliongezeka tena. Kanisa lilipokea habari hiyo kwa vigelegele.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, ninauza mikeke, samaki wa ziwa letu, sokoni, nina bwana na watoto. Shule niliiachia njiani. Mengine nimejisomea kwa simu na kwa magazeti wanayofungia maandazi. Ni mwembamba. Nimekuwa mwembamba tangu kuzaliwa, lakini zamani haikuwa kosa. Nilikuwa nasimama mstari wa mbele katika korali yetu, nikianzisha nyimbo. Mama Zawadi, jirani yangu, alikuwa nyuma karibu na mwenye ngoma.

Halafu tukaanza kuweka video za korali Facebook. Ndugu zetu walio Ulaya wakawa wanaziangalia, wanatuma mioyo. Wakati huohuo Mama Zawadi akaanza kunenepa. Mashavu yakajaa, shingo ikapotea, ngozi ikang'aa. Kila video, watu wanaandika: «Huyu mama Mungu amemtendea!» Mimi niliyekuwa naimba, hakuna aliyeniona.

Siku moja kiongozi wa korali akatupanga upya. «Mama Zawadi aje mbele, anajaza picha. Weye rudi kule. Watu wa Ulaya wakikuona watafikiri Uvira iko njaa.»

«Si iko,» nikamjibu.

«Iko, lakini hatuiimbi.»

Nikarudi nyuma. Sasa kwenye video ninaonekana kiwiko tu.

Nyumbani nako hakukuwa nafuu. Bwana yangu anaangalia video huku anakunywa chai yangu, sukari yangu. «Ona mwenzako. Muntu akimuona anajua ule mama ana bwana. Weye unanipatisha haya, watu watasema sikulishaki.» Nikamwambia anilishe basi, tuone. Akasema simu imeisha moto, anaenda kuichaji, akatoka.

Wivu, ndugu zangu, haulali. Niliamka nao, niliparua nao samaki. Nilikuwa nafungua statut za Mama Zawadi za WhatsApp kabla hata sijasali. Nikanunua farmasi vile vidonge ambavyo mama wengi wanakunywa wapate hamu ya kula na wanenepe. Nilikunywa mwezi mzima. Kilichonenepa ni usingizi. Niliunguza maharagwe mara nyingi hadi watoto wakafikiri ndiyo ladha yake.

Wiki mbili zilizopita tulienda kwa fundi kupimisha sare mpya. Nguo ya Mama Zawadi ilikuwa imeshapanuliwa, na bado ikagoma mgongoni. Wamama wakashangilia. Akaketi kwenye kigoda, akavua kiatu, na kamba ya kiatu ikawa imechora mfereji juu ya mguu. Nikainama kwa mzaha: «Hebu niguse hii baraka, labda itaambukiza.» Nikabonyeza kwa kidole gumba.

Nilipoondoa kidole, shimo likabaki. Halikurudi. Liko pale linaniangalia.

Nitasema ukweli kwa kuwa jina langu limefichwa: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Nilijua lile shimo. Mama yangu mzazi alianza hivyo hivyo. Majirani walimpongeza, wakasema mtoto wake anamtunza vizuri, na mimi nikavimba kichwa kwa sifa. Wakati tunamfikisha hospitali, daktari alisema ni figo, na kwamba tumechelewa. Mama hakurudi.

Furaha ile ikakauka. Nikamvuta Mama Zawadi pembeni. «Dada, minye nakuomba, nenda wakupime mukojo na presha. Huu si unene. Ni maji.»

Akanitazama toka kichwa mpaka miguu, na kwangu hiyo si safari ndefu. «Weye ndiye unasema? Walikutoa mbele, leo umekuwa daktari? Unataka nikauke sawa weye, tukae wawili kama vijiti vya mushkaki?»

«Usiku unalala vizuri? Hauhemi?»

«Nahema kwa sababu niko munene! Kwenda, na wivu yako.»

Jioni akaweka statut: «Wenye wivu siku hizi wanavaa koti ya daktari.» Vichwa vya kucheka vilijaa. Bwana yangu naye aliweka kimoja. Kiongozi wa korali akaniita, wakaniwekea mikono wanitoe roho ya wivu. Nilifumba macho, nikasema amina, maana roho hiyo kweli ninayo.

Hapo ndipo nimefungwa. Nikienda kwa bwana yake, huyo anatembea na picha za mke wake kwenye simu anaonesha watu hapo mpaka wa Burundi. Atanisikia mimi? Nikisema kanisani, watarudia kunishika kichwa. Na kuna jambo lingine linalonitisha kuliko yote: nikinyamaza tu, nikakaa kimya kule nyuma, iko siku nafasi ya mbele itakuwa wazi. Ninajua hivyo. Ninajua pia kwamba ninajua.

Wapendwa, mwenye wivu akisema ukweli, nani atamuamini? Nipeni njia. Msiniambie niombe, ninaomba. Niambieni nimfikishe vipi yule mama hospitali, hata akinichukia.

Ninapoandika hivi, amepita mbele ya mlango wangu kwenda mazoezi. Korali yote imekubaliana kuvaa viatu vyeupe kwa video ya leo. Yeye amevaa kambambili za bwana yake. Ndizo tu bado zinamuingia.