Mahindi Yaliyonyeshewa

Juzi hapa Kitale, katika stoo yangu moja, nilisikia harufu ya mahindi yaliyonyeshewa, nikakumbuka utotoni kijijini Naitiri. Siku moja Mama aliniachia mahindi juani niyachunge, mimi nikaenda mpira. Mvua ikayapata.

"Si ni Nekesa alikuwa anachunga," nilimwambia Mama. Nekesa, dada yangu, akalia.

Nilidhani nikikubali kosa, Mama hatanipenda tena. Lakini kile kilio kilinishinda. "Mama, ni mimi. Mimi ni mtoto mbaya."

Jua lilikuwa limerudi. Akanipa reki. "Geuza, baba. Utajichukia kesho, mahindi yanaoza leo."

Nilidhani ile reki ni adhabu. Leo, mimi niliyeachia shule darasa la sita nikajenga stoo tatu, najua alikuwa ananikabidhi mahindi yake mara ya pili.