Jalama Ndiyo Nini?

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Sisi wachache hapa Kimandolu tunajitolea kuandika mwongozo wa Kiswahili wa programu huria ya kuandikia, ambayo yeyote anaitumia bure. Mimi nilipewa kazi ya kusawazisha maneno, nikajiona mkubwa wa lugha. Vile vipicha vya kubofya kwenye skrini, wengine waliviita "ikoni", wengine "alama". Nikawagombeza, kisha nikaiamuru kompyuta iondoe "ikoni" kila mahali na kuweka "alama". Sikusoma tena.

Ukurasa wa mazoezi nilikuwa nimeuandika mwenyewe, kwa upendo. Ulimhusu marehemu bibi yangu wa Nkoaranga: moshi wa kuni, harufu ya kahawa aliyoikaanga, nasi wajukuu tukisubiri ndizi ziive. Siku ya kuuonyesha mwongozo nilimwalika mama ashuke kutoka kule mlimani, nikamwomba ausome ukurasa huo, uliomulikwa ukutani kwa projekta, mbele ya wageni.

Alisoma taratibu, machozi yakimlengalenga. "Jioni zote tulikaa na Bibi jalama..." Akalirudia neno hilo kimoyomoyo.

"Jalama ndiyo nini, mwanangu?"

Nilipotazama ukutani nikaelewa. Kompyuta ilikuwa imechomoa "ikoni" hata ndani ya neno "jikoni". Nikaeleza huku jasho likinitoka, na wenzangu niliowagombeza wakiinama kuficha kicheko.

Mama hakucheka. "Mama yangu alitulea sote jikoni," alisema, watu wote wakisikiliza. "Mrudishie jiko lake."