Behewa la Soko la Mifugo

Garissa haina reli. Ukitaka kuona treni, sharti uvuke daraja la Tana usafiri mpaka Nairobi. Hata hivyo, nilipohamishiwa huko kufundisha useremala, nilikuta behewa la abiria limesimama karibu na soko la mifugo, halina magurudumu, limekalishwa juu ya mawe. Waliojenga barabara zamani walilileta kwa trela wakalifanya ofisi, kazi ilipokwisha wakaliacha. Mbuzi walilala ndani.

Aliyenitia katika kazi ya kulifufua ni jirani yangu, mzee wa Kisomali aliyefanya kazi karakana ya reli Nairobi tangu ujana, kisha akarudi nyumbani kufuga. Jioni moja alinifuata shuleni.

"Mwalimu, ile gari ya moshi inaoza na sisi tunaona tu. Watoto ya hapa hajaona treni. Wewe iko na mikono, mimi najua hiyo kitu."

"Mbao tutatoa wapi, adeer?" Nilikuwa nimejifunza kumwita hivyo, baba mdogo, kama walivyomwita vijana wa mtaa.

"Nitaomba. Kuomba si haramu."

Akaomba kweli, kwa wenye maduka na wenye malori, ubao mmoja mmoja. Kazi ilichukua miezi saba, kila nikitoka darasani. Tulizoa samadi, tukakwangua kutu, tukang'oa sakafu. Viti nilivitengeneza upya, na yeye alipitisha kiganja juu ya kila ubao. Akihisi kibanzi, narudi kupiga randa. Alikuwa mkali kuliko mkaguzi yeyote wa shule. Binti yake mjane, aliyeishi naye, alituletea chai ya maziwa ya ngamia.

"Aabo, treni yako inaenda wapi?" alimtania baba yake.

"Makka. Wewe fanya haraka, itakuacha."

Tulilipaka rangi ya damu ya mzee. Haikupita muda makanga wa mabasi wakaanza kuita kituo cha hapo sokoni "Treni," na maharusi wakaja kupigwa picha mlangoni. Nilijisikia mtu.

Mvua zilianza Oktoba, mwaka wa tisini na saba, zikakataa kukoma. Tana ilifurika. Watu wa mashamba ya kando ya mto walipanda juu na magodoro kichwani, na mzee akawafungulia behewa. Walijaa humo mpaka mlangoni. Barabara ilikatika, malori yakakwama njiani, unga na mafuta vikaadimika. Kisha mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba na kufa, zizi baada ya zizi.

Binti wa mzee alisaidia kuchuna mbuzi mmoja aliyewahiwa kuchinjwa kabla hajafa. Siku chache baadaye alipata homa. Halafu damu ikaanza kumtoka kwenye fizi. Tulimbeba hospitali kwa machela ya blanketi. Wagonjwa walilala hadi kwenye ukumbi, na daktari, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alituambia waziwazi kwamba hana dawa ya ugonjwa ule. Alfajiri ya Ijumaa yule binti alifariki.

Wachimba kaburi walirudi wakisema udongo unaporomoka, na mwanandani, pale ndani anapolazwa maiti, hautasimama bila mbao. Mjini hakukuwa na mbao. Mzee akaja mlangoni kwangu, kanzu imemganda mwilini kwa mvua.

"Mwalimu, leta msumeno."

Nilielewa papo hapo. "Adeer, ngoja tuulize kwingine."

"Kwingine wapi? Yeye anangoja."

Tulipoingia ndani ya behewa, familia zilizolala humo zilisimama bila kuambiwa, akina mama wakivuta watoto wao pembeni. Nilifungua kiti cha kwanza. Mzee alinipa kamba aliyopimia kaburi, akaushika ubao nikakata. Msumeno ulipinda, mkato ukaenda upande. Hakunikemea. Ndiyo mara ya kwanza aliiona kazi yangu mbaya akaipokea vivyo hivyo.

Kabla ya adhuhuri mtu mwingine alikuwa mlangoni, amefiwa na kaka. Kesho yake wakaja wawili. Hatukumkatalia yeyote. Mvua zilipopungua viti vyote vilikuwa vimekwisha, pamoja na nusu ya sakafu.

Barabara ilipofunguka, ofisa mmoja mgeni alifika kukagua hasara. Akachungulia ndani ya behewa, akauliza kwa hasira ni nani aliyeiba mbao za watu.

"Mimi," mzee akasema. "Njoo nikuonyeshe."

Wakapanda gari wote wawili, mimi nyuma. Makaburini mzee alishuka, akatembea polepole kati ya vichuguu vya udongo mbichi, akionyesha kwa mkono: hapa, na hapa, na pale. Ofisa alibaki kwenye kiti chake, kioo kimefungwa, kisha akamwambia dereva ageuze. Mimi nilishuka. Mzee alikuwa amechutama kwenye kaburi la binti yake, anaokota mawe madogo na kuyatupa kando. Nikachutama nami upande wa pili, tukaokota hadi mwadhini alipoita Alasiri.