Jambo Nililoambiwa Nisiliandike

Katika ukoo wetu hakuna aliyepata stashahada kabla yangu. Niliisomea Dar es Salaam huku nikilala kwenye stoo ya duka la vifaa vya umeme, nikarudi Mbinga na kompyuta mbili na gari langu mwenyewe. Sisemi haya kwa majivuno. Ni ukweli, na bila ukweli huo hutaelewa kwa nini wazee wa sengu walinifanya mwandishi wao.

Sengu ni pale wanaume wa ukoo wa Kimatengo wanapokula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao na kuyamaliza mambo yao hapo hapo. Mwaka jana, siku ambayo mdogo wangu alitumwa makusudi Mpepai kutafuta miche ya kahawa, baba mkubwa alitueleza kwamba huyo mdogo wangu hakuzaliwa na baba yetu. Aliletwa mgongoni na mwanamke kutoka Chiwanda, akaachwa, na baba akamfanya mwanawe. Wazee wakaamua: ni wetu, sehemu yake ya ntambo, yaani mteremko wa ukoo tunaoulima, haiguswi, na yeye asijue kamwe. Atakayelitoa jambo hili nje hatakula tena nasi.

"Na wewe msomi," baba mkubwa akaniambia, "hili usiliandike."

Nililiandika. Mtu wa kumbukumbu haachi pengo. Nikaliweka kwenye hifadhi yangu ya mtandaoni pamoja na mengine yote, nikiamini hakuna mtu Mbinga nzima mwenye uwezo wa kulifikia.

Mwenye uwezo nilimtengeneza mwenyewe. Mwaka huu niliweka msaidizi wa akili mnemba kwenye kompyuta ya ofisi yangu, pale ninapotoa kopi na kuwajazia watu fomu. Mwanzoni alijibu maswali tu. Nikamwandikia zana ya kumwezesha kwenda kwenye hifadhi ile, kupakua mafaili na kuyaweka kwenye kompyuta. Maelekezo ya watengenezaji wake yalisisitiza apewe folda moja tu. Mimi nikampa ufunguo wa hifadhi nzima. Maonyo ya namna hiyo nilidhani yameandikwa kwa ajili ya wanaoanza.

Ijumaa moja niliteremka Mbamba Bay kumfungia mwenye duka mmoja zana kama hiyo. Ofisini nilimwacha mdogo wangu, ambaye hunishikia kazi nikiwa safarini. "Ukihitaji karatasi yoyote, mwambie tu msaidizi," nilimwelekeza. "Atakuletea."

Nilikuwa bado namsimulia mwenye duka huyo, mzee wa asili ya Kilwa, jinsi nilivyojifundisha haya peke yangu, simu ilipoita.

"Kaka, huyu msaidizi wako mchapakazi kweli," mdogo wangu alisema. "Nimemwomba karatasi za shamba kwa ajili ya sengu ya Jumapili. Kaleta mafaili kumi na manne."

Alisema kwa Kiswahili. Sisi wawili huongea Kimatengo. Kiswahili ni cha wateja.

"Umeyafungua?" nikauliza, na papo hapo nikajua kwamba swali lenyewe lilikuwa kosa.

"Kwani yana nini?"

"Hayana kitu. Usiyaguse, yataharibu kompyuta."

"Sawa, Kaka."

Nikaufuta ule ufunguo kwa simu. Haikusaidia. Ilikuwa ni kumnyang'anya ufunguo mtu aliyekwisha kutoka na mzigo.

"Fundi," mwenye duka akasema, "umepauka kama aliyekanyaga mamba. Kaa unywe chai."

Nilimwachia nyaya mezani.

Barabara ya kupanda Mbinga naijua kona kwa kona, lakini siku ile niliyaona maneno yangu tu: jinsi nilivyoyapanga vizuri, aya kwa aya, jina la mdogo wangu juu kwa herufi kubwa. Ningekuwa mwandishi mbaya, labda asingeelewa.

Ofisini nilimkuta akimtolea mama mmoja kopi ya cheti cha ubatizo. Akanipa pole ya safari, kwa Kiswahili. Sawa, mteja alikuwepo. Kwenye kioo cha kompyuta msaidizi alikuwa anasubiri jibu: "Mafaili kumi na manne yamepakuliwa. Niandike muhtasari?" Faili la sengu lilikuwa la tisa. Zana yangu iliandika saa ambayo kila faili lilipakuliwa. Nani amelisoma, sikuwa nimeifundisha kuandika. Nikafuta yote. Kumuuliza mdogo wangu kungekuwa ni kumwambia.

Jumapili alichelewa. Alinawa, akasimama mlangoni, sisi tukiwa tumezunguka ugali na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Pembeni yangu palikuwa wazi, mahali pake tangu utotoni.

"Nikae wapi?" akauliza.

"Tangu lini unauliza?" baba mdogo akamtania. "Au umeoa humu jana, umekuwa mkwe?"

Wakacheka. Nilisogea, ingawa nafasi ilitosha. Akakaa, mkono wake ukaingia kwenye sinia karibu na wangu. Kwa amri ya wazee, aliyepaswa kuinuka pale ni mimi. Nilijua. Niliendelea kula.

Tuliporudi tulikuwa wawili tu njiani, kahawa kila upande, wala mteja hata mmoja. Nikamwambia kwa Kimatengo kwamba mvua iko karibu.

"Ndiyo, Kaka," akajibu kwa Kiswahili. "Kesho nitafungua ofisi mapema."